Hawakuchelewa kuanza, walichelewa kuchapishwa

Kuna ile orodha ambayo lazima umeshatumiwa, hasa kama umevuka hamsini na ukawahi kumwambia mtu kwamba unatamani kuandika kitabu. Inakuja kwenye simu na picha ya mzee kakaa dirishani na kalamu, chini yake majina: huyu kachapisha kitabu cha kwanza ana miaka 58, huyu 65, huyu 66, huyu sabini na kitu, halafu mwisho kabisa "ng'ombe hazeeki maini, bado hujachelewa". Anayetuma anatuma kwa upendo. Mimi mwenyewe nimetumiwa mara nyingi tu na kuna kipindi ilinisaidia kweli, niliisoma usiku nikalala vizuri.

Lakini nimeikalia hiyo orodha muda mrefu sasa, nikaanza kufuatilia hao watu mmoja mmoja walikuwa wanafanya nini kabla ya huo umri, na nilichokikuta kimenifanya niione kama nusu ya ukweli, tena ile nusu iliyoachwa ndo yenye msaada. Hao watu hawakuchelewa kuanza. Walichelewa kuchapishwa. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na ukivichanganya unaweza kupoteza miaka mingine kumi unasubiri kitu ambacho hakiji chenyewe.

Chukua Penelope Fitzgerald wa Uingereza maana huyo hakosekani. Kazaliwa 1916, kitabu cha kwanza, wasifu wa mchoraji, kimetoka 1975 ana miaka 58. Riwaya ya kwanza 1977, na 1979 kabeba Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza. Ukiisoma hivyo unapata picha ya bibi aliyeamka siku moja akaokota kalamu. Sasa rudi nyuma uone. Alisoma Oxford, akiwa chuo anaandika kwenye magazeti ya wanafunzi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yuko BBC, mwanzoni mwa miaka ya 50 yeye na mumewe wanahariri jarida la fasihi, jarida likafa, hela ikaisha, familia ikaishia kukaa kwenye boti kuukuu mtoni Thames, boti nayo ikazama, naye akawa anafundisha darasani miaka nenda miaka rudi huku analea watoto watatu. Hapo katikati kitabu hakikuwepo, ni kweli, ila jicho lilikuwa kazini muda wote, maana maisha ya kwenye boti ndo yaliyokuja kuwa riwaya iliyobeba Booker.

Laura Ingalls Wilder wa Marekani, kazaliwa 1867, kitabu cha kwanza 1932, miaka 65, huyu ndo kipenzi cha orodha zote. Kinachoachwa ni kwamba tangu 1911 alikuwa anaandika safu kwenye gazeti la wakulima, na aliiandika kwa zaidi ya miaka kumi, yaani mtu ana tarehe ya kuwasilisha, ana nafasi yake ya maneno kadhaa ambayo hairuhusiwi kuzidi, ana wasomaji. Akiba yao ikapotea kwenye anguko la uchumi la 1929, akakaa akaandika stori ya maisha yake kwa ajili ya watu wazima, wachapishaji wakaikataa, ikabidi ivunjwe isukwe upya iwe vitabu vya watoto. Na aliyemsaidia kuisuka ni binti yake, ambaye tayari alikuwa mwandishi anayejulikana na ana mkono mzito wa kuhariri. Kwa hiyo "bibi wa miaka 65 aliyeanza" alikuwa na miaka zaidi ya kumi ya safu nyuma yake na mhariri ndani ya familia.

Frank McCourt naye, miaka 66 kitabu cha kumbukumbu za utoto wake kinatoka 1996, na 1997 kikabeba Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani. Alifundisha sekondari za New York karibu miaka thelathini na madarasani alikuwa anawasimulia wanafunzi utoto wake, zile zile stori, mwaka huu darasa hili, mwakani darasa lile. Hebu fikiria hiyo ni shule ya namna gani kwa msimuliaji. Vijana wa miaka 16 hawana adabu ya kukusikiliza wakati stori inachosha, wanaangalia dirishani. Ukisimulia mara mia mbele ya watu kama hao unajua wenyewe wanachekea wapi na wananyamaza wapi, na siku ukikaa kuandika mwendo wa stori unao tayari mwilini.

Sasa huyu wa nne ndo ninayempenda kuliko wote kwa sababu alifanya kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya kuanzia leo. Raymond Chandler wa Marekani, kazaliwa 1888, mwaka 1932 kafukuzwa kazi kwenye kampuni ya mafuta ana miaka 44. Ujanani aliwahi kuchapisha mashairi na makala kidogo London, ila hadithi za kubuni kwa kweli hajui zinaandikwaje. Alichofanya ni kuchukua hadithi iliyochapishwa ya mwandishi mwingine wa zile hadithi za upelelezi za majarida ya bei rahisi, akaifupisha kipengele kwa kipengele, nani anaingia wapi, nini kinajulikana lini, halafu akaiweka pembeni ile ya asili na kuiandika upya yote kwa maneno yake kutoka kwenye ule ufupisho. Alipomaliza akalinganisha yake na ile ya asili. Akaona wapi yake imelegea, akaandika tena. Hadithi yake ya kwanza kabisa ilimchukua miezi mitano, hadithi moja tu, ikatoka mwishoni mwa 1933. Riwaya ya kwanza ikaja 1939, ana miaka 50.

Hiyo ni kazi ya mwanagenzi. Ni kile kile anachofanya kijana anayejifunza useremala, anapewa kiti cha fundi akivunje aone kimeungwaje halafu atengeneze chake, na cha kwanza kinayumba. Mtu wa miaka 44 aliyekuwa na cheo kwenye kampuni ya mafuta alikubali kuwa huyo kijana. Nadhani hapo ndo penye jambo lenyewe, umri si kikwazo na umri si sifa, swali ni kama uko tayari kukaa chini kwenye mkeka wa wanaojifunza wakati kichwa kimeshaota mvi.

Na hapo wengi ndo wanapokwama, tena wanakwama watu wazuri wenye akili. Ukishafika hamsini na kitu kuna jambo moja unalijua sana. Wewe ni mhasibu mkuu, au mwalimu, au fundi ambaye vijana wanakuja kukuuliza, au umeendesha idara miaka 20 na hakuna aliyethubutu kukata sentensi yako, kila ulichoandika kilijibiwa "sawa bosi". Halafu unampelekea mhariri muswada wako, na mhariri ana umri wa mwanao wa mwisho, anaurudisha umejaa alama, ukurasa wa kwanza mpaka wa 38 kaandika "hapa stori bado haijaanza". Nimeona watu wazima wakikasirika mpaka mikono inatetemeka. Wanasema huyu mtoto kaishi nini mpaka anifundishe mimi maisha. Lakini mtoto hafundishi maisha jamani, anasema tu kwamba yeye msomaji alichoka, na kuchoka kwa msomaji hakuna mtu mwenye mamlaka ya kukubatilisha, hata uwe umestaafu na medali.

Kuna na ile lugha ya ofisini inayotuganda mdomoni. Miaka thelathini ya kuandika ripoti na barua za kikazi inakufundisha kuficha mtendaji, kila kitu "kilifanyika", "ilionekana vyema", "hatua stahiki zilichukuliwa". Kwenye ripoti hiyo ni busara kabisa, inakulinda. Kwenye hadithi ni sumu, maana msomaji anataka kujua nani alifunga mlango na aliufungaje. Kuitoa hiyo lugha mwilini kunachukua muda mrefu kuliko kujifunza kuandika kutoka sifuri, na ndo maana sikubaliani na wanaosema eti miaka yote ya kazi ni hazina. Nyingine ni hazina, nyingine ni mazoea mabaya ambayo lazima uyavunje.

Mwaka juzi mama mmoja, muuguzi mstaafu, miaka 63, aliniletea daftari nne za kaunta zimeandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri ule wa zamani unaolala upande mmoja. Akaniambia, "Mdogo wangu, usinionee huruma. Niambie ukweli." Nikamwambia nipe wiki tatu dada yangu. Nikaanza. Nilizaliwa katika familia ya watoto tisa. Babu yetu mzaa baba alikuwa. Shule ya msingi nilianza mwaka. Mnamo mwaka huo nikafanikiwa kuchaguliwa kujiunga na. Kurasa tisini zilienda hivyo, kila kituo cha kazi alichohamishiwa, kila bosi, kila kozi na vyeti vyake. Nilikuwa nasoma kwa heshima tu, maana nampenda na najua aliyeandika kaandika kwa uchungu wa mgongo, ila nilikuwa nasinzia.

Halafu ukurasa wa 112. Zamu ya usiku, mzee amefariki saa kumi alfajiri, ndugu hawajafika, na muuguzi anakunja nguo za marehemu ili aziweke kwenye mfuko wa kukabidhi. Kwenye mfuko wa shati anakuta tiketi ya basi. Ya kurudi. Tarehe ya keshokutwa yake. Anasimama na ile tiketi mkononi, hajui aiweke pamoja na nguo au afanyeje, kwa sababu anajua mke wa huyo mzee ndo atakayefungua huo mfuko. Mistari saba. Baada ya hapo, aya inayofuata: "Mwaka uliofuata nilihamishiwa wodi ya watoto ambako pia nilifanikiwa kupata uzoefu mkubwa."

Nilimpigia simu siku hiyo hiyo, sikungoja wiki tatu. Nikamuuliza dada, ile tiketi uliifanyaje? Akanyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Akasema, "Hilo si muhimu sana, hilo lilikuwa jambo dogo."

Nimeona kitu hicho kwa karibu kila mtu anayeanza kuandika ukubwani. Umri unakupa vitu vingi sana kiasi kwamba unataka kuviweka vyote, unaona kila kilichokutokea kina haki ya kuingia, na unahisi muda umebaki mchache kwa hiyo kitabu hiki kimoja lazima kibebe maisha mazima. Kijana wa miaka 25 tatizo lake ni kwamba ana kitu kimoja tu cha kusema. Sisi tatizo letu ni kwamba tuna elfu moja na tunavipa vyote uzito sawa, na vile tulivyovibeba kwa aibu au kwa uchungu tunavipitisha haraka haraka kwa mistari saba, halafu cheti cha kozi ya wiki mbili kinapata kurasa tatu.

Sasa mtu atasema sawa, hao akina Fitzgerald walikuwa wanaandika chini chini muda wote, na mimi je, ambaye sijaandika chochote, nina miaka 58 na kitu pekee nilichoandika ni barua na ripoti? Swali hilo ni la haki na sitaki kulipita. Jibu langu ni Giuseppe Tomasi di Lampedusa, yule bwana wa Sicily. Kazaliwa 1896, na ukiacha makala chache za ujanani hakuwa ameandika kitu. Mwaka 1954 anamsindikiza binamu yake kwenye mkutano wa waandishi, binamu anasifiwa kwa mashairi, naye anarudi nyumbani na moto ndani kwamba kama huyu kaweza mimi nashindwa nini. Akakaa akaandika riwaya moja. Wachapishaji wawili wakubwa wakaikataa, na barua ya pili ya kukataliwa ilimfikia siku chache kabla hajafariki, Julai 1957. Kitabu kilitoka 1958, na 1959 kikachukua tuzo ya Strega, kubwa kuliko zote Italia. Hakukiona.

Wengi wanaisimulia hiyo kama stori ya huzuni tu, lakini mimi nauliza alijifunzia wapi kuandika vile kama hakuwa anaandika? Alisoma. Maisha yake yote alisoma, kwa lugha kadhaa, kila siku, na miaka ya mwisho alikuwa na kikundi cha vijana anawafundisha fasihi bure nyumbani kwake, anaandaa mihadhara kurasa kwa kurasa. Uanagenzi wake ulikuwa wa macho. Kwa hiyo mtu ambaye hajaandika lakini amesoma kweli kweli, kwa makini, anayekumbuka sentensi, huyo hayuko sifuri. Aliyeko sifuri ni yule ambaye hajaandika wala hasomi, na nasema hivi kwa upole maana wapo wengi, wanataka kuandika kitabu na hawajamaliza kitabu cha mtu mwingine tangu waache shule. Huyo naye anaweza, ila aanzie hapo, mwaka mzima wa kusoma kwanza, asiniulize habari za kava.

Harriet Doerr wa Marekani ni mfano wa mtu aliyerudi kwenye mkeka waziwazi kabisa. Aliacha chuo 1930 akaolewa, mume akafariki 1972, akarudi chuo, shahada yake ya Stanford kaipata 1977 ana miaka 67, akaendelea na darasa la uandishi pale pale amezungukwa na watoto wenye umri wa wajukuu zake, wanasomeana kazi na kukosoana. Kitabu kikatoka 1984 na mwaka huo huo kikapata tuzo ya taifa ya vitabu huko, National Book Award, ya kitabu cha kwanza cha hadithi. Kati ya kurudi darasani na kitabu ni kama miaka kumi. Chandler kutoka kufukuzwa kazi hadi riwaya ni saba. Ukiwa na 55 fanya hesabu mwenyewe, inatosha, lakini inatosha kama unaanza Jumatatu hii na si ukimaliza kujenga au mtoto akimaliza chuo.

Na kuchelewa kwingine siyo kwa mwandishi kabisa. José Saramago wa Ureno alipeleka muswada wa riwaya kwa mchapishaji 1953, hakujibiwa, wala ndiyo wala hapana. Akakaa miaka mingi bila kutoa riwaya nyingine, anafanya kazi za tafsiri na magazeti. Zaidi ya miaka 30 baadaye, ameshakuwa mtu mkubwa, wanampigia simu kwamba wameukuta muswada wake wakati wanahama na wangeheshimika kuuchapisha. Akakataa. Kitabu kilitoka 2011, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nobel alishapata 1998, ana miaka 75. Abdulrazak Gurnah alianza kuandika ana miaka 21 hivi na riwaya ya kwanza imetoka 1987 ana 38, Nobel 2021 ana 72. Ukiona pengo kati ya kuandika na kutoka usidhani mtu alikuwa amelala hapo katikati, mara nyingine bahasha ndo ilikuwa imelala kwenye droo ya mtu mwingine.

Hiyo droo inanileta kwenye jambo linaloniumiza zaidi, kwa sababu kusubiri ukiwa na miaka 30 na kusubiri ukiwa na 64 si kitu kimoja, na kuna watu wanajua hilo na wanafanya biashara nalo.

Kitabu changu cha kwanza kilitoka nina miaka 51. Nilikuwa nimekataliwa mara tano, mara tatu nyingine sikujibiwa, halafu nikatuma kwa kampuni moja na ndani ya siku tatu wakanijibu kwamba wameusoma wote, wamependa sana sauti yangu, kazi kama hii ulimwengu unaihitaji. Siku tatu. Nililia, siwezi kuficha. Imeli ya pili ikaja na ankara. Nikalipa akiba yangu ya muda mrefu, nikaambiwa hiyo ni gharama ya uhariri, dizaini, na kutangaza. Kitabu kilipofika nilikifungua ukurasa wa 7 nikakuta jina la mhusika wangu limeandikwa kwa namna mbili ndani ya aya moja, kosa langu lile lile nililotuma nalo, hakuna mtu aliyekuwa amesoma hata neno moja. Masanduku ya nakala yalikaa kwenye korido miaka, nikipita usiku nayagonga na mguu. Hela iliuma ila iliisha kuuma. Kilichobaki ni kwamba ile riwaya ilikuwa na kitu kizuri ndani, ilihitaji mhariri na mwaka mmoja zaidi, na mimi kwa haraka niliinyima vyote viwili.

Kwa hiyo naomba hili lisomwe taratibu. Mchapishaji wa kawaida anakulipa wewe. Anabeba gharama ya uhariri, prufu, kava, na uchapaji, na wewe unapata mirabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 15 kwa kitabu cha karatasi, si utajiri, ila hela inatoka kwake kuja kwako. Anayekudai hela anakuuzia huduma, na huduma si dhambi ila aiite jina lake. Kujichapishia mwenyewe nako ni njia halali kabisa, nina marafiki wamefanya vizuri, lakini hapo wewe ndo mchapishaji, unamtafuta mhariri na kumlipa, unachagua mchapaji, unalinganisha bei, na haki zote zinabaki kwako. Mtego upo pale katikati, ambapo unalipa kama mwenye mali na unasaini kama kibarua.

Na mkataba wowote usome sehemu ya haki kwanza kabla ya kuangalia asilimia. Mchapishaji amewekewa haki zipi, za lugha gani, kwa muda gani, na zinarudi lini kwako kitabu kikiacha kuchapishwa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unasema hakimiliki inadumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na nchi nyingi zimeweka 70. Mtu wa miaka 65 anaposaini karatasi hiyo anasaini kwa niaba ya wajukuu ambao bado wananyonya. Andika na wosia wa kazi zako, nani ana faili, nani ana nywila ya kompyuta, nani aamue. Watu wanaogopa kugusa hilo wakati ni sehemu ya kazi tu.

Je, wachapishaji wanabagua umri? Kwa kiasi fulani ndiyo, ni vigumu kukataa. Zipo tuzo na orodha ambazo mlango umefungwa kwa sisi, jarida la Granta tangu 1983 kila baada ya kama miaka kumi linatoa orodha ya waandishi bora vijana wa riwaya wa Uingereza na mpaka wake ni miaka 40. Mchapishaji akiwekeza kwa mwandishi mpya anataka kitabu cha pili na cha tatu, hiyo ndo hesabu yake. Ila muswada hauna tarehe ya kuzaliwa, na hofu ya kitabu cha pili inajibiwa na kitabu cha pili. Wilder alitoa vitabu nane kati ya 1932 na 1943. Fitzgerald riwaya tisa kati ya 1977 na 1995. Unapotuma kazi, usianze barua na umri wako wala na "ndoto yangu ya miaka mingi", anza na kitabu kinahusu nini, na uwe umeshaanza kinachofuata kabla hujajibiwa. Kusubiri huku unaandika kunauma kama nusu tu ya kusubiri huku umekaa, nimejaribu vyote.

Yule dada muuguzi hakukasirika. Alichukua daftari zake akakaa kimya miezi minne, nikadhani nimemvunja moyo. Kumbe alikuwa amezifungia kabatini zote nne na kununua ya tano. Sikumpa ushauri mwingi, nilimwambia tu achukue hadithi fupi tano anazozipenda, kila moja aiandike kwa ufupi na kuijenga upya kwa maneno yake kama yule bwana wa kampuni ya mafuta, halafu aje kwenye tiketi. Macho yanamsumbua, anaandika asubuhi saa moja hivi kabla jua halijawa kali kwenye karatasi.

Ile ya tiketi ameiandika mara sita mpaka sasa. Mara tatu za kwanza inaishia pale pale, amesimama nayo mkononi. Ya nne kaiweka kwenye mfuko wa nguo na mke anaikuta, na ilikuwa imeandikwa vizuri, lakini nilipoisoma nilimwuliza ndivyo ilivyokuwa? Akasema hapana. Ya tano aliichana mwenyewe, hakunionyesha. Ya sita alinisomea kwa simu wiki iliyopita. Anaitia kwenye mfuko wa sare yake ili aamue baadaye, zamu inaisha, anafika nyumbani amechoka anavua sare anaitupa kwenye beseni la nguo. Anaikumbuka jioni, anapoanika. Mfukoni kuna kibonge cha karatasi nyeupe, maandishi yameisha yote, na mke wa marehemu alishakuja na kuondoka tangu saa tano asubuhi.